Damu haisemi yote
Hii habari ya watafiti kuchukua seli za kinga ndani ya mapafu ya wagonjwa wa TB, naona watu wanauliza si wangetoa tu damu mkononi yaishe. Jamani damu haisemi yote! Wadudu wa TB wanakaa mapafuni, tena wanajificha humohumo ndani ya makrofeji, yaani ile seli mlinzi iliyotakiwa kuwala ndo wanaigeuza nyumba. Watafiti wanapitisha kamrija kenye kamera puani au mdomoni mpaka mapafuni, wanamwaga maji ya chumvi kidogo halafu wanayavuta, yanarudi na seli, na kwa mtu mwenye afya asiyevuta sigara kawaida zaidi ya 80% ya hizo seli ni makrofeji. Mjomba wangu kachimba tanzanite Mererani miaka kibao, sasa vumbi la silika, lile la mawe, makrofeji ikilimeza haliyeyuki, seli inakufa, vumbi linamezwa na nyingine, pafu linabaki makovu na TB inapata mlango. Katibiwa TB mara mbili, kifua bado kinabana. Wachimbaji nao wangepimwa hivyohivyo, ila waulizwe kwanza, maana kale kamrija kakipita unakohoa balaa.