Anayesoma takwimu bima Dar hajapotea njia

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili kufunguliwa, mabishano huwa yale yale katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Kijana wa PCM au EGM aliyefaulu hisabati anataka kujaza Sayansi ya Takwimu Bima, fani ya kukadiria kwa hesabu malipo ya baadaye ya bima na pensheni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) au Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) pale Mtaa wa Shaaban Robert. Wazazi, na mara nyingi mjomba mwenye uzoefu wa ofisini, wanamwambia ajaze uhasibu: amalize, akae mitihani ya bodi ya wahasibu (NBAA), apate cheti cha CPA, apate kazi. Takwimu bima, wanasema, haina soko. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini imekosea mahali pamoja, na kosa hilo linatugharimu sote, hata tusio na mtoto chuoni.

Wanachopatia ni hiki. Digrii ya miaka 3 haimfanyi mtu kuwa mtakwimu bima. Inampa msingi wa kwenda kufanya mitihani ya vyama vya nje, hasa Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza au Society of Actuaries ya Marekani. Njia ya Uingereza ina karatasi zaidi ya kumi mpaka kufika mwisho, tena na uzoefu wa kazi unaothibitishwa, na ada zake hulipwa kwa pauni. Kijana aliyeajiriwa juzi, Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara, chumba kinamsubiri kodi ya miezi sita, halafu atafute pauni. Mwenzake wa uhasibu anafanya mitihani yake hapa hapa kwa shilingi, na tangazo la kazi linataja cheti chake kwa jina. Wenye sifa kamili za takwimu bima nchini ni wachache, hivyo anayeanza mara nyingi hana mkubwa wa kumwelekeza. Wapo wanaoishia dirishani benki, au wanauza bima za magari kwa kamisheni. Mzazi anayeogopa hilo haogopi kivuli.

Tatizo ni kipimo. Tunahesabu matangazo ya kazi, tukiona machache tunasema fani haihitajiki. Lakini kuna suala moja ambalo kwa miaka kadhaa limejadiliwa kwenye daladala, bungeni na katika vikao vya vyama vya wafanyakazi, nalo ni takwimu bima mwanzo mpaka mwisho. Ni kikokotoo cha pensheni, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Tumelijadili kwa hasira na kwa haki, lakini kwa kiasi kikubwa tumeikamata namba isiyo yenyewe.

Mchukue mwalimu aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, miezi yake iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Pensheni yake kamili ilikuwa 8,000,000 kwa mwaka. Nusu ya hiyo ilizidishwa kwa 15.5, akachukua mkupuo, yaani fedha za mara moja anapostaafu, wa 62,000,000. Nusu iliyobaki alilipwa kila mwezi, kama 333,000. Kanuni iliyoanza Julai 2022 iligawanya miezi kwa 580, ikatoa asilimia 33 kwa mkupuo na kuzidisha kwa 12.5. Kwa kanuni hiyo mwalimu yule yule alipata mkupuo wa kama 30,724,000 na pensheni ya mwezi ya kama 416,000.

Mkupuo ulipungua kwa zaidi ya milioni 31. Pensheni ya mwezi iliongezeka kwa kama 82,500. Ukigawanya, inamchukua zaidi ya miaka 31 kurudisha alichopoteza, yaani akiwa amestaafu na miaka 60 inabidi avuke 91. Aliyelalamika hakuwa mlalamishi tu.

Lakini alilalamikia nini? Asilimia ya pensheni inayotolewa kwa mkupuo. Mwaka 2018 ilipotajwa 25, asilimia 50 ikawa ndiyo madai, mpaka Rais Magufuli akasitisha kanuni mpya mwezi Desemba mwaka huo. Ikaja 33, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata nusu. Rudi kwa mwalimu wetu: kwa asilimia 40 mkupuo wake unafika kama 37,241,000 na pensheni ya mwezi inashuka hadi kama 372,000. Ameongezewa milioni 6.5 mkononi, amepunguziwa kama 43,400 kila mwezi. Gawanya tena. Ni miezi 150, miaka 12.5 kamili, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu 12.5 ndiyo namba inayogeuza shilingi ya kila mwaka kuwa shilingi ya mkupuo. Asilimia inahamisha fedha kutoka mfuko wa kulia wa mstaafu kwenda mfuko wake wa kushoto. Akiishi kupita miaka 72 na nusu, kwa hesabu ya shilingi kwa shilingi, ile 33 ilikuwa na faida zaidi kwake. Akitaka kujenga au kuanzisha mradi, 40 inamfaa. Huo ni uchaguzi wa mtu na maisha yake.

Palipokatwa ni kwingine: 540 kuwa 580, na 15.5 kuwa 12.5. Irudishe leo ile asilimia 50 na uziache namba hizo mbili kama zilivyo. Mkupuo utakuwa kama 46,552,000 na pensheni ya mwezi kama 310,000. Vyote viwili viko chini ya vile vya zamani. Tumetumia nguvu nyingi kudai kitu ambacho, kingetolewa chote, kisingemrudisha mwalimu alipokuwa.

Sisemi namba mpya hazina utetezi. Mfuko unaoahidi kuliko unavyokusanya utakuja kumwangusha kijana anayechangia leo, na mifuko minne iliyounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018 haikuwa na ahadi sawa wala afya sawa. Wanachama wa PPF, mmoja wa mifuko hiyo minne, na wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, walikuwa tayari kwenye 580 na asilimia 25, kwa hiyo kilio cha upande mmoja kwao kilikuwa hali ya kawaida. Pia kulikuwa na mzigo wa watumishi wa kabla ya 1999 waliostahili pensheni bila kuwa wamechangia. Hapo ndipo swali kali lilipokuwa: upungufu huo abebe nani, serikali kama mwajiri au mstaafu wa kesho? Swali hilo halikuvuma kama asilimia ilivyovuma, kwa sababu kuliuliza vizuri kunahitaji mtu aliyesoma ripoti ya tathmini ya uhai wa mfuko akaelewa kipi ni hesabu na kipi ni dhana iliyochaguliwa.

Na mtu huyo hahitaji kumaliza mitihani ya London. Hesabu niliyoifanya hapo juu ni kugawanya na kuzidisha. Kujua uifanyie namba ipi, hilo ndilo somo, na mwanafunzi mzuri wa mwaka wa pili ameshalipata. Digrii hii inakosewa haki pale inapoitwa safari isiyofika kwa sababu tu mhitimu hakuwa mtakwimu bima kamili. Mhitimu mmoja katika ofisi ya chama cha wafanyakazi, mwingine katika chumba cha habari, mwingine akisaidia kamati ya Bunge, na mjadala ule wote ungekwenda njia nyingine.

Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ni mfano mwingine, nao unauma zaidi kwa kuwa ni watoto. Kwa shilingi 50,400 mtoto alitibiwa mwaka mzima. Mpango wa namna hiyo unaishi ikiwa wazima na wagonjwa wanaingia pamoja. Wazazi wengi walisajili pale mtoto alipoanza kuugua, jambo ambalo mzazi yeyote angelifanya, na mwaka 2023 NHIF ikabadili utaratibu ili watoto wasajiliwe kwa makundi, kupitia shule. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huo huo. Nani ataingia, lini, na akiwa na hali gani, ndiyo hesabu itakayoamua uhai wake.

Kuhusu ajira zenyewe, picha inabadilika hata kama taratibu. Kiwango cha hesabu cha IFRS 17, kilichoanza Januari 2023, kinazitaka kampuni za bima kukadiria malipo ya miaka ijayo kwa namna ambayo mhasibu peke yake haimalizi. Kiwango kingine, IFRS 9, kiliyaleta makadirio kama hayo kwenye mikopo ya benki tangu 2018. Kazi ipo, ila mara nyingi sahihi ya mwisho inatafutwa Nairobi au Johannesburg. Wakenya walianza kufundisha fani hii mapema na sasa wana majedwali ya vifo, yanayokadiria watu wa kila umri wanavyofariki, yaliyotokana na takwimu za kampuni zao wenyewe. Tukiwakataza vijana wetu kwa sababu wataalamu hatuna, tutaendelea kutokuwa nao.

Ningemwambia kijana jambo moja ambalo halimfurahishi kila mhadhiri. Asiifukuzie GPA ya 4.4 ya daraja la kwanza kana kwamba ndiyo mwisho wa habari. Mwenye 3.8 aliyefaulu karatasi mbili za nje akiwa bado chuoni amekwisha kumjibu mwajiri swali ambalo mwenye 4.6 bado anaulizwa. Pia ajifunze kuyaeleza haya kwa Kiswahili. Chama cha Uingereza kina mtihani mzima wa mawasiliano, maana anayekokotoa bila kueleweka hana faida kwa mwenye mfuko, na mwenye mfuko hapa ni mwalimu wa Mbagala na muuguzi wa Temeke.

Linabaki la pauni, na hilo hoja yangu haijalifuta. Kijana wa kawaida hawezi kulibeba peke yake. Mifuko ya hifadhi, NHIF na kampuni za bima ndizo zinazomhitaji, na ndizo zinazolipia ripoti kutoka nje. Ada ya karatasi mbili kwa mwaka kwa wahitimu wachache waliochaguliwa kwa ushindani, wakifungwa na mkataba wa kutumikia, ingeweza kuingia kwenye bajeti hiyo hiyo.