Mwembe mzee na kesi ya tundu

Fundi wa chenso aligeuza panga lake akagonga shina kwa mgongo wake, mara tatu. Mwembe ukaitika kama ngoma. "Mmesikia wenyewe. Ndani hamna kitu, huu umekwisha." Kisha akatoa ofa: atauangusha bure, hatatoza hata shilingi, mradi magogo yote yawe yake.

Tulikuwa kama watu kumi na tano chini ya mwembe huo, mtaani kwetu Magomeni, na mwenyekiti wa mtaa katikati yetu. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Mimi lile neno "bure" lilinikaa vibaya. Mwembe hutoa mkaa, hutoa mbao za maboksi, na huko pwani shina lake ndilo huchongwa ngalawa. Hakimu aliyetoa hukumu ndiye aliyekuwa anasubiri urithi wa marehemu.

Hata hivyo, wanaotaka ukatwe wana hoja, tena nzito. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, nyumba yake iko chini kabisa ya matawi. Masika moja tawi la unene wa paja lilitoboa bati lake likaishia juu ya kabati la vyombo. Usiku ambao kimbunga Hidaya kilikuwa kinaingia Mafia, Mei 2024, na huku Dar upepo unavuma, alihamishia wajukuu chumba cha nyuma na yeye mwenyewe hakulala. Gata zake huziba majani kila mwezi. Popo wakija msimu wa maembe, ukuta wake ndio unaochafuka. Kivuli tunakaa wote: kijiwe cha bodaboda, mama ntilie, wazee wa bao. Hofu anakaa nayo yeye peke yake. Mtu wa namna hiyo ukimwita adui wa mazingira unakuwa umemtukana.

Ila upande wa pili mara nyingi hausikilizwi hata kidogo. Ukisema mti mzee uachwe, utaulizwa kama una mizimu yako humo, au kama umetumwa na wafadhili. Basi mizimu tuiache. Tuzungumze hesabu.

Chukua shina lenye upana wa mita moja kutoka gome hadi gome. Tuseme katikati kuna tundu la nusu mita. Ukilikata ukaliangalia, robo nzima ya mbao haipo, na mtu yeyote atashika kichwa. Lakini nguvu ya shina kuhimili kupinda imepungua kwa asilimia 6 tu. Panua tundu lifike sentimita 70: sasa karibu nusu ya mbao imekwenda, na nguvu iliyopotea ni asilimia 24. Yaani nusu ya mti haipo na robo tatu ya nguvu bado ipo. Sababu ni kwamba upepo unaposukuma, mbao za pembeni ndizo zinazovutwa na kukandamizwa; zile za katikati karibu hazina kazi. Ndiyo maana fremu ya baiskeli ni bomba, na mwanzi umezaliwa mtupu na bado watu hujengea.

Hesabu hii nimeirudia mara nyingi kwenye karatasi, kwa sababu inapingana na kila tunachodhani kuhusu tundu. Lakini ina masharti yake. Inahesabu bomba lililofungwa pande zote. Tundu likishatoboa nje na kuacha ufa mrefu, bomba limekuwa mfereji, na asilimia zangu hazina maana tena. Mwanasayansi mmoja Mjerumani, Claus Mattheck, alipendekeza miaka ya 1990 kwamba hatari inaanza pale ukuta uliobaki unapokuwa mwembamba kuliko theluthi moja hivi ya nusu-upana wa shina. Wenzake wamembishia, kwamba mti mrefu wenye kichwa kikubwa haupimwi sawa na kibogoyo aliyebakiwa na matawi machache. Mabishano hayo yana faida moja kwetu: yanahusu unene wa ukuta. Panga la fundi linakwambia tundu lipo. Ukuta una sentimita ngapi, haliwezi kukwambia.

Na hata tundu lenyewe lilitoka wapi? Mtafiti wa miti Mmarekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno akaona kwamba kidonda cha mti hakiponi kama cha mtu. Mti hujenga uzio kuzunguka sehemu iliyooza, kisha hukua nje ya uzio huo. Tawi likikatwa vizuri, nje kidogo ya ule uvimbe linapoungana na shina, uzio hujengwa haraka. Ukilikata kwa kulisawazisha na shina kabisa, ili pawe pazuri, umeuondoa uvimbe wenyewe na umefungua mlango. Tundu la mwembe wetu liko sawasawa pale tawi la upande wa barabara lilipokuwa. Wazee wa bao wanakumbuka lilivyokatwa, likasawazishwa mpaka pakang'aa, kisha pakapakwa rangi kama ukuta wa saluni.

Hapo ndipo kesi yenyewe ilipo kwa maoni yangu. Mti mkubwa ukianguka mjini tunasema umezeeka. Nenda kauangalie ulivyolala. Mara nyingi haukuvunjika shina hata kidogo. Umeng'oka na sahani yake ya udongo, na mizizi ya upande mmoja imekatika siku nyingi, ncha zimeoza na kuwa nyeusi. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko ndani ya sentimita 60 za juu, nayo hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Mtaro wa bomba la maji unapita humo humo. Hakuna aliyeonekana kukata mti siku ile, alionekana anachimba mtaro.

Mwembe wetu una wasifu wa namna hiyo. Upande wa kusini, mtaro. Upande wa barabara, pevingi zilizopangwa hadi zikagusa gome, maji yakawa yanakimbilia mferejini badala ya kushuka kwenye mizizi. Nyuma, shimo la kuchomea taka, na gome la hapo limekuwa mkaa. Halafu siku moja wakaja vijana wa kukodiwa na ngazi, wakanyoa upande wote uliokaribia nyaya, uzito ukabaki umeelemea wapi? Kwenye bati la yule mama. Baada ya yote hayo tumekusanyika kujadili kosa la mwembe. Na mwembe usiochokozwa unaweza kupita miaka mia na bado ukazaa.

Kunyoa kichwa kunahitaji neno la ziada, kwa sababu hupendekezwa kama suluhu ya katikati: usikatwe, upunguzwe. Wanachomaanisha wengi ni kukata kila kitu hadi vibaki visiki vya mikono. Mwaka wa kwanza unapendeza. Kisha visiki vinaanza kuoza, na juu yake yanachipua machipukizi kama ufagio, ambayo hayakukita ndani ya mbao kama tawi la asili bali yameshikilia tabaka la nje tu. Yanakua upesi, yananenepa, na baada ya miaka michache una matawi mengi mazito yaliyokaa juu ya mbao bovu. Kupunguza kwenyewe ni kazi ya polepole: unatoa ncha, unafupisha tawi hadi kwenye tawi dogo linaloweza kulirithi, kidogo kidogo kwa misimu kadhaa. Haina magogo ya kuuza, kwa hiyo hakuna anayeifanya bure.

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka. Sipingi. Lakini mche hupigwa picha na mkuu wa wilaya, mti wa miaka themanini hupigwa panga. Jirani zetu wa Kenya walipewa hata sikukuu ya kupanda, Novemba 13, 2023. Na wao hao mwaka 2020, mgumo mkubwa, yaani mtini wa porini, wa Waiyaki Way ulipokuwa kwenye njia ya barabara ya juu ya Nairobi, ilibidi Rais Kenyatta mwenyewe atoe amri usiguswe. Inafurahisha, na inatisha kidogo, kwamba mti mmoja ulihitaji ikulu. Sisi hapa makondakta wametuimbia vituo vyenye majina ya miti miaka yote, Mnazi Mmoja, Mwembeyanga, Mwembechai, hadi mwendokasi ikarithi jina, na bado sijaona kasma ya kutunza hata mmoja.

Ipo miti ya kuangushwa, tena leo. Udongo ukianza kuinuka upande mmoja wa shina baada ya mvua, mti uliokuwa wima ukianza kuinama ghafla, uyoga mgumu kama ubao ukijipanga kwenye mizizi, hapo usisubiri kikao. Wetu haukuwa na dalili hata moja ya hizo.

Tuliamua hivi, baada ya vikao vitatu na kelele nyingi. Ofa ya bure tukaikataa. Mistari miwili ya pevingi ikang'olewa kuzunguka shina, shimo la taka likafukiwa, na mtu anayejua kupanda kwa kamba akalipwa kufupisha matawi ya upande wa bati, awamu ya kwanza kati ya tatu. Mchango ulipangwa kwa kila anayekaa kivulini. Vijana wa bodaboda walilipa wa kwanza, jambo lililowashangaza wazee wa bao, ambao wengine bado wanadaiwa. Yule mama tulimwondoa kwenye orodha, na bati jipya likatoka kwenye mchango huo huo.

Alishukuru. Masika yalipoanza alihamishia tena wajukuu chumba cha nyuma.