Umfuate kwa Miguu

Kamera yangu ya zamani ilikuwa ya filamu ya picha 36, na kila moja niliibana kama nauli ya kurudia. Filamu ikiisha unaipeleka studio kusafishwa, unangoja wee, kisha unakuta nusu ya watu hawana vichwa. Simu zilipoingia nikaitia kabatini. Tangu hapo, nikipiga picha ni ya risiti.

Mpaka shemeji yangu alipokuja na kamera ndogo kutoka Muscat, udogo wa pakiti ya biskuti. Siku ya kwanza nilipiga mlango, kikombe cha chai, paka, paka tena. Mke wangu akauliza kama nimebaleghe upya.

Ina jambo moja: lenzi yake haivuti. Ni ya milimita 28, inameza baraza nzima. Ukitaka mtu ajae kwenye picha, umfuate kwa miguu.

Julai ilipofika nikapanda daladala kwenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Kwa asiyejua: wanaume wa kaskazini na wa kusini hutandikana kwa mabua ya migomba, mwenye kinyongo akimalizie uwanjani, baadaye kijumba cha makuti kikachomwa moto.

Nilianza kwa adabu, nyuma ya kina mama. Wao na kanga zao mpya wanaimba maneno ambayo siyaandiki, mama mkwe atasoma. Nikatazama kioo cha kamera: wapiganaji kama sisimizi. Nikasogea. Bado sisimizi. Nikasogea tena, sasa panzi. Bibi mmoja akanishika mkono.

"Baba, rudi nyuma, utapigwa."

"Bibi, mie mpiga picha."

"Haya. Mpiga picha naye hupigwa."

Mara kwenye kioo akatokea kijana mrefu, bua kalinyanyua juu. Mwanga mzuri, vumbi zuri. Nikajisemea, subiri kidogo, ajae.

Akajaa.

Bua la mgomba haliumizi sana kwa sababu limejaa maji. Na hayo maji ndiyo balaa. Lilipasukia begani mwangu, nikakaa kitako mchangani, kidole kimeng'ang'ania kitufe, kamera inapiga mfululizo: mawingu, sikio langu, kandambili ya mtu.

Kijana akainama. "Ami, samahani, nilidhani wa upande ule."

"Mie wa mjini!"

"Ah." Akafikiri. "Lakini leo hakuna kununa, Mwaka huu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Imetoka?"

Imetoka. Katika picha zote za siku ile ndiyo pekee isiyotikisika: bua limetanda, matone unayahesabu moja moja, na nyuma yake meno ya kijana, yote. Nilimtumia jioni ile ile, akaiweka kwenye WhatsApp yake.

Utomvu wa mgomba, kwa taarifa yenu, hautoki kwa sabuni, wala kwa ndimu, wala kwa dua. Mke wangu ameiloweka ile kanzu mara nne. Ya tano akanirushia kifuani: "Hii utavaa mwakani. Na usimame karibu zaidi."