Geji 28 ya nani?

Ukiulizia bati la msauzi, lile la kuezekea, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tabora, muuzaji naye atakuuliza, "Geji ngapi?" Stesheni, geji ni upana wa njia ya reli. Kwa fundi wa matairi ni kifaa cha kupimia upepo, na kwa dereva ni mshale wa mafuta. Neno tumelipata kwa Waingereza, nao walilichukua Kifaransa cha kaskazini likiwa na maana ya kipimo tu.

Kwenye reli halina utata. Njia ya zamani, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ni milimita 1,000. Ya kisasa ni 1,435. Hupimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli, na namba kubwa ni njia pana.

Kwenye bati, namba kubwa ni bati jembamba. Kinyume hiki kilianzia kwa wavuta waya: chuma kilipitishwa tundu baada ya tundu, kikizidi kuwa chembamba, na namba ikapanda kadiri kilivyovutwa.

Wapo wanaotaka geji ifutwe madukani, tuseme "unene" na milimita. Mafundi wanakataa, na wana hoja: "ishirini na nane" hutamkika haraka kuliko sifuri nukta tatu saba sita, na kila mpauaji anajua 32 hubonyea akiikanyaga vibaya.

Ila geji 28 ni ya jedwali gani? Kwa jedwali la waya la Uingereza ni milimita 0.376, na 30 ni 0.315. Kwa jedwali la Marekani la bati la zinki, 28 ni karibu 0.475 na 30 ni karibu 0.4. Yaani 30 ya Marekani ni nene kuliko 28 ya Uingereza! Hapo hoja ya wepesi wa kutamka inaniishia. Fundi aendelee kusema geji, lakini risiti iandikwe milimita, na ionyeshe kama rangi imehesabiwa.

Kuhakiki hakuhitaji maabara. Chukua mikrometa, kifaa cha kupimia unene, uifunge tupu uone inasoma sifuri, kisha pima sehemu bapa, mbali na mgongo na ukingo uliokatwa, mahali patatu. Bati la rangi likwanguliwe kwanza pande zote mbili, maana rangi nayo huhesabiwa na mikrometa kama chuma.