Sitiari Kizimbani

Januari 2022, miezi saba kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, seneta mmoja alipanda jukwaani Eldoret akazungumzia haja ya kuondoa madoadoa. Akakamatwa. Utetezi ukaja haraka: alimaanisha wanasiasa wasiounga mkono chama chake, wala hakugusa kabila la mtu. Ukifungua kamusi, mtetezi yuko sawa. Madoadoa ni ya chui, ya kanga wa porini, ya shati lililomwagikiwa chai.

Lakini waliokuwa uwanjani hawakuja na kamusi. Nje kidogo ya mji huo kuna Kiambaa, ambako tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo kujinusuru. Machafuko ya msimu ule yaliua watu zaidi ya 1,100 nchini, na madoadoa lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyotumika Bonde la Ufa kuwataja majirani walioonekana kuwa wa kuja. Miaka kumi na minne baadaye msemaji anaweza kulivuta neno hilo kwenye maana mpya, ila mwenye kovu atalisikia kwa maana ya zamani, na msemaji analijua hilo.

Ubishi wenyewe ni huu: tamathali ya usemi ishtakiwe, au iachwe? Pande zote mbili zina hoja nzito, na ninaposikia mtu akiujibu kwa sentensi moja huwa nashuku hajawahi kukaa kwenye mkutano wa kampeni.

Kwanza tuangalie sitiari, yaani kumwita mtu au kitu kwa jina la kingine, inavyofanya kazi, maana kwenye vitabu vya shule tumeizoea kama pambo. Sitiari haitembei peke yake, huandamana na kitenzi chake. Doa huondolewa. Gugu hung'olewa. Mende hupondwa. Nyoka hupigwa kichwani kabla hajafika kitandani. Mwanasiasa akishataja jina la kitu, kitenzi msikilizaji anakimalizia mwenyewe kichwani, na kwa sababu amekimalizia mwenyewe anaona ni wazo lake. Tena doa halina watoto wala hati ya shamba, halijazaliwa hapo wala halijazika mzazi hapo. Kabla hoja yoyote haijatolewa, nusu ya ubinadamu wa mtu imeshaondoka.

Linganisha na takriri, yaani kurudia neno kwa makusudi. Mwalimu Nyerere, Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuikalia Kagera, aliwaambia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Marudio yale yaliziunganisha hoja tatu zisikike kama moja. Hila ipo: sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu, wakati uwezo ulihitaji kujadiliwa, lakini mdundo haukuacha nafasi ya mjadala. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema baadaye kuwa Mwalimu hakumaanisha vita. Takriri humfunga msemaji, ilhali sitiari humwachia mlango wa nyuma.

Kwa mlango huo wa nyuma, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya iliamua kuweka kufuli. Aprili 2022 ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki, yawe ya wazi au ya mafumbo. Madoadoa yalikuwemo, na mende pia. Lakini humo humo kulikuwa na "watajua hawajui" na "hatupangwingwi", neno la vijana la kusema hatupangiwi, lililokuwa likiimbwa mitaani na kutumiwa kwenye kampeni. Ukiweka mende na hatupangwingwi kwenye karatasi moja, umepoteza kipimo. La kwanza linamgeuza mtu mdudu, na la pili ni ubishi tu wa kijana aliyechoka kuamriwa. Orodha ina udhaifu mwingine pia. Mafumbo huhama. Funga neno moja leo, na kesho umati utakuwa umepata lingine, ikiwezekana kutoka kwenye tangazo la sabuni.

Tusiibeze tume lakini. Ilikuwa na miezi minne tu kabla ya kura, na ilijua mwaka 2007 ulivyokuwa. Kusubiri mpaka maana ya fumbo ithibitishwe kwa damu ni ushauri rahisi ukiwa unautoa kutoka mbali.

Kuna njia nyingine iliyowahi kujaribiwa, na ilijaribiwa hapa hapa kwetu, Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimshtaki Simon Bikindi, mwanamuziki ambaye nyimbo zake zilipigwa na redio ya RTLM mwaka 1994 wakati mauaji ya kimbari yakiendelea. Nyimbo alikuwa amezitunga kabla ya mwaka huo, na zilijaa historia, mafumbo na mafumbo ndani ya mafumbo, hadi wataalamu wa Kinyarwanda waliitwa kuzichambua mbele ya majaji. Hukumu ilitoka Desemba 2008. Majaji walikubali kuwa nyimbo zilitumika katika kampeni ya kueneza chuki. Hata hivyo hawakuridhika, pasipo shaka, kwamba alizitunga kwa kusudi la kuchochea mauaji, wala kwamba yeye ndiye aliyezirusha hewani mwaka huo. Kwa nyimbo, hakupatikana na hatia.

Kilichomfunga miaka 15 ni gari. Mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, alipita na msafara wa Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, vipaza sauti vikipiga nyimbo zake, na kwa vipaza sauti hivyo hivyo akawahimiza Wahutu wawamalize Watutsi. Wakati wa kurudi akauliza kama nyoka wameshauawa. Neno nyoka halikuwa kwenye orodha yoyote, na halikuhitaji kuwemo. Nani anasema, amezungukwa na nani, barabara gani, mwezi gani: hayo yaliiondolea sitiari mlango wake wa nyuma.

Naona mahakama ilipatia mahali pa kuchora mstari, ingawa namwelewa mnusurika anayeuliza nyimbo zile ziliandaa masikio ya nani.

Sababu ya kuiafiki ni kwamba mafumbo yamekuwa kinga ya wanyonge kuliko silaha ya wakubwa. Shaaban Robert, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alichapisha Kusadikika mwaka 1951: nchi ya kufikirika inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Msomaji wa Tanganyika hakuhitaji ramani. Kwa sheria inayowinda maana za ndani, kitabu kile kingekuwa ushahidi dhidi ya mwandishi wake. Siti binti Saad naye aliimba Unguja juu ya watu waliokwepa haki, na hadhira ilijua fika nani anasemwa. Na kwenye mipasho ya taarabu, kijembe kikirushwa na kundi moja, kundi la pili hupanda jukwaani na kijembe chake. Kule anayesemwa ana maikrofoni.

Basi maswali yangu mbele ya fumbo lolote ni mawili: kitenzi kinachofuata ni kipi, na anayesemwa anaweza kujibu? Karama wa Kusadikika anawasema wenye mamlaka, na wana kila njia ya kujibu. Familia yenye kiduka kimoja pembeni ya Eldoret haina jukwaa, na kitenzi kinachofuata ni kuondoa.

Mfano unaonisumbua ni kupe. Enzi za Ujamaa kupe alikuwa mnyonyaji yeyote, wa rangi yoyote. Mwalimu alisisitiza mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, 1967, kwamba ujamaa hauna ubaguzi wa rangi, na sioni sababu ya kutomwamini. Lakini mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa na picha yake ya kupe, na mara nyingi picha hiyo ilikuwa ya Mhindi mwenye duka. Msemaji alilenga tabia, masikio yakapokea asili. Angehukumiwa kwa nia, au kwa masikio ya watu? Kwa vipimo vyangu viwili, kupe hafaulu vizuri: kitenzi chake ni kung'oa, na mwenye duka wa wakati ule hakuwa na jukwaa la kujibia. Bado singemshtaki aliyelitumia. Ningemtaka tu alitaje kundi analolisema kwa jina lake, na alichofanya, ili mwenye duka ajue anatuhumiwa nini.