Pregabalini: karatasi inayobaki dukani

Ukinunua pregabalini ya rejareja pale Kondele, Kisumu, mara nyingi huondoki na boksi. Muuzaji hukata vidonge kumi kutoka kwenye kadi, huvitia katika bahasha ndogo ya kaki, kisha huandika juu yake 1×2, yaani kimoja mara mbili kwa siku. Ile karatasi nyembamba yenye maandishi ya kutafuta kwa miwani hubaki dukani. Ukiuliza dawa ni ya nini, utajibiwa: ya neva.

Jibu hilo si uongo, ila ni pana mno. Marekani ilipoiidhinisha dawa hii mwishoni mwa 2004 kwa jina la Lyrica, iliitaja kwa maumivu ya aina mbili: ya neva zilizoharibiwa na kisukari, na yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi kupona. Mengine yaliongezwa baadaye, moja moja, likiwamo la walioumia uti wa mgongo mnamo 2012. Ulaya nayo, iliyokuwa imeikubali miezi michache kabla ya Marekani, iliandika kwa mapana zaidi: maumivu ya neva za pembeni, na baadaye hata yanayoanzia kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kidonge ni kilekile, lebo mbili, yaani maelezo rasmi ya dawa ni ya nini. Kwa hiyo anayesema lebo ni sheria isiyohojiwa ajiulize kwanza anasoma lebo ya wapi.

Mimi naona Wamarekani, waliotaja maumivu moja moja, walikuwa karibu zaidi na ukweli, na sababu yangu ni namba. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 45. Kwa wagonjwa wa mkanda wa jeshi waliomeza miligramu 300 kwa siku, 32 kati ya kila 100 walipunguziwa maumivu kwa nusu au zaidi. Waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani walikuwa 13. Hapo dawa imefanya kazi, na kazi inaonekana. Kwa wagonjwa wa kisukari, kwa kipimo hichohicho, ni 31 dhidi ya 24. Yaani kati ya wale 31 wanaoisifu, wengi wangepata nafuu hata kwa kidonge kitupu.

Sasa njoo kwenye maumivu yetu. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndizo kaunti zilizobeba mzigo mzito zaidi wa HIV nchini, na wengi walioanza ARV zamani walianzia kwenye stavudini, dawa iliyookoa maisha huku ikiunguza neva za miguu. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe pole pole mwishoni mwa 2009. Dawa ilikwenda, nyayo zikabaki zinawaka. Je, pregabalini huwasaidia watu hawa? Ilijaribiwa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 302: haikukishinda kidonge kitupu. Jaribio la pili, lililochapishwa 2014, lilisimamishwa njiani kwa kuwa dalili za kufaulu hazikuwepo. Na yale maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi kisiginoni, ambayo waendesha boda na wabeba magunia wa soko la Kibuye wanayajua vizuri? Australia iliyajaribu kwa wagonjwa 209, matokeo yakatoka 2017: nafuu haikuzidi, kizunguzungu ndicho kilichozidi.

Hata hivyo siwezi kumlaumu daktari anayeiandika. Wastani huficha watu. Kwenye majaribio haya nafuu haigawanywi sawa kama sukari kwenye chai. Wachache hupata nafuu kubwa, wengi hawaoni kitu, na hakuna ajuaye mapema nani ni nani. Daktari aliye na mgonjwa asiyelala usiku ana haki ya kujaribu. Tena ajaribu nini kingine? Amitriptilini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa maumivu ya neva, ni ya bei ya chini, lakini nayo ilipojaribiwa kwa maumivu ya HIV haikufua dafu. Kumwambia mgonjwa huyo kwamba sayansi haina la kumpa ni rahisi ukiwa umekaa ofisini na viatu vyako havikuumi.

Linaloniudhi ni kujaribu kusikokuwa na tarehe ya kuisha. Majaribio mengi yalidumu wiki chache. Mgonjwa wetu hupewa kadi baada ya kadi, mwaka mzima, bila kuulizwa kama maumivu yamepungua. Na dawa hii ina gharama yake. Lebo ya Marekani inasema 30 kati ya 100 walipata kizunguzungu, dhidi ya 8 kwa kidonge kitupu. Usingizi, 23 dhidi ya 8. Mpe dozi hiyo asubuhi mtu mwenye abiria wawili nyuma ya pikipiki. Pia hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari ambaye figo zimeanza kuchoka huhitaji kipimo kidogo zaidi, jambo ambalo 1×2 ya bahasha haiwezi kulijua. Na mwaka 2019 Marekani ilionya kuhusu pumzi kudhoofika, hasa kwa wazee, wenye mapafu mabovu na wanaotumia dawa za jamii ya afyuni, kama morfini.

Muuzaji mmoja niliyemweleza haya alicheka. Foleni imefika barabarani, akasema, nani atasoma? Nilimwomba basi aandike mambo mawili tu nyuma ya bahasha: maumivu ya nini, na siku ya kurudi kwa daktari kusema kama yamepungua. Na wateja wasiache dawa ghafla, nikaongeza. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki moja au zaidi. Alichukua kalamu, akageuza bahasha, akamwuliza mteja aliyekuwa mbele yake: "Mama, unaumwa nini hasa?" Mama yule hakujua. Alikuwa ametumwa na jirani.