Mpigaji anayekata upepo na thamani yake

Shemeji yangu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kwa misimu kadhaa sasa tumezoea kukesha pamoja tukiangalia besiboli ya Marekani. Mechi inayoanza saa moja jioni New York, kwetu Mwanza inaanza saa nane usiku. Yeye saa hizo yuko macho akisubiri mitumbwi, na mimi nimeshapoteza usingizi kwa mchezo huu. Simu tunaiegemeza kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kila mpigaji mwenye misuli anapozungusha gongo na kukosa mpira, shemeji anatikisa kichwa: "Shemeji, huyu anakata upepo tu. Analipwa kwa lipi?"

Swali lake ni la zamani. Mpigaji akipata straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au aliyoiacha ipite, anatolewa bila mpira kwenda popote. Wapo wapigaji wa nguvu ambao kila msimu wanatolewa hivyo mara 150, 180, hata zaidi ya 200, na katikati ya aibu hizo wanaupeleka mpira nje ya uzio, yaani homurani, mara 40 au 50. Je, zile straiki zinawashusha thamani?

Anayesema ndiyo ana hoja za kweli. Mpira ukishaguswa lolote laweza kutokea: mdakaji anateleza, mpira unadunda vibaya, anayerusha kwenda besi ya kwanza (kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji huvizunguka ili apate pointi) anakosea. Mwenzako akiwa besi ya tatu, na timu yenu haijatolewa wawili, hata mpira wa kudakwa mbali unaweza kumrudisha nyumbani na mkapata pointi. Straiki ya tatu haikupi hata moja kati ya hayo. Kansas City Royals, mabingwa wa 2015, ndio waliotolewa kwa straiki mara chache kuliko timu zote za ligi kuu mwaka ule. Waliwachosha wapinzani kwa kugusagusa mpira mpaka mlango ukafunguka. Shemeji anaipenda timu hiyo, na ninamwelewa. Mtumbwi wa dagaa, ukiacha usiku wa mbalamwezi, haurudi mtupu.

Lakini nadhani watu wengi wanamsoma vibaya mpigaji wa nguvu, na mfano wangu siku zote ni Adam Dunn. Akiwa na Cincinnati Reds mwaka 2004 alisimama kupiga mara 681, na mara 195 akatolewa kwa straiki. Akavunja rekodi ya 189 iliyowekwa na Bobby Bonds mwaka 1970. Hiyo 195 ndiyo namba anayobandikwa mpaka leo, kama alama ya moto kwenye paja la ng'ombe.

Ziwekwe na namba nyingine mezani. Mwaka huohuo Dunn alipiga homurani 46. Alipiga na kufika besi mara 151 kwa jumla, na mara 108 alipewa besi ya bure baada ya mrushaji kurusha mipira minne mibovu. Katika kila mara 100 alizosimama, alifika besi karibu mara 39. Mpigaji wa kawaida wa ligi yake alifika kama mara 33. Kwa maneno mengine, huyu tunayeambiwa kuwa ni wa kukata upepo alikuwa mgumu kumtoa kuliko wenzake wengi.

Sasa tazama namna alivyotolewa. Ukiacha besi za bure, mara ambazo zamu yake iliisha bila kupiga vizuri zilikuwa 417. Straiki ni 195. Zilizobaki, 222, mpira aliugusa: ukapaa ukadakwa, au ukaviringika mpaka kwa mdakaji akautuma besi ya kwanza kabla Dunn hajafika. Hizo 222 ni nyingi kuliko straiki zote za mwaka ule, na hakuna anayezitaja. Hazikuuma macho. Mpira ulionekana ukienda mahali, mchezaji alionekana akikimbia, tukaridhika kwamba amejitahidi.

Mtazame mvuvi wa migonzo anayefuata sangara. Ametoka na ndoano zake, chambo, mafuta ya injini, na vijana wawili wa kulipwa. Akirudi alfajiri na mtumbwi mtupu, au akirudi na furu wawili wa kukaanga kwake, pale sokoni ni mamoja. Wale furu hawalipi mafuta. Kutolewa kwenye besiboli ni vivyo hivyo: timu ina nafasi 27 tu za kutolewa kwenye mechi ya kawaida, tatu kwa kila zamu kati ya zamu tisa, na nafasi ikishatumika haimuulizi mtu imetumikaje.

Tena kuna kugusa mpira kunakoumiza zaidi ya kukosa. Mwenzako akiwa besi ya kwanza, ukapiga mpira wa chini wenye kasi ukamwendea mdakaji, mnatolewa wawili kwa pigo moja. Jim Rice wa Boston, mpigaji mkubwa kweli aliyeingia kwenye jumba la wachezaji wa heshima, mwaka 1984 alisababisha hasara hiyo mara 36, na mpaka leo ni rekodi ya msimu mmoja. Mara 36 aligusa mpira, na mara 36 timu ikapoteza nafasi mbili badala ya moja. Anayetolewa kwa straiki kwa kawaida anaondoka peke yake.

Wachambuzi waliopitia maelfu ya mechi wamepima kila tukio linaongeza au kupunguza pointi ngapi. Homurani moja ina thamani ya takriban pointi 1.4, kwa sababu mara nyingi inawarudisha na waliokuwa kwenye besi. Kutolewa kwa straiki kunagharimu zaidi ya kutolewa kwingine, ndiyo, lakini kwa kama 0.02 au 0.03 ya pointi. Tuchukue hiyo kubwa, tumpe shemeji faida yote. Zidisha kwa 195: hazifiki pointi sita kwa msimu mzima, yaani kama homurani nne. Dunn alikuwa nazo 46.

Shemeji ana jibu, na ndilo jibu zito kuliko yote: kama zile 195 angezigusa, si zote zingekuwa hasara. Mipira inayopigwa ikabaki ndani ya uwanja, kama mitatu katika kila kumi huzaa besi. Ni kweli kabisa. Ila hasara hiyo tumeshaihesabu. Tunaposema alifika besi mara 39 katika 100, zile straiki zimo humo ndani, zimeshamkata tayari. Kuzitoa tena pembeni na kumpunguzia thamani kwa ajili yake ni kumhukumu mtu mara mbili kwa kosa moja. Na ule mzungusho wa nguvu unaokosa ndio huohuo unaovusha mpira juu ya uzio. Mwambie apunguze nguvu ili aguse, na utakuwa umeuza sangara mwenye bondo lake kwa bei ya furu. Joe DiMaggio aliweza vyote viwili, homurani 361 na kutolewa kwa straiki mara 369 tu katika maisha yake yote ya mchezo, lakini watu wa namna hiyo unawahesabu kwa vidole.

Hata zile besi za bure 108 zina maana yake. Mrushaji hamkwepi mtu asiyemtisha. Anarusha pembeni kwa sababu anajua akikosea mara moja mpira hauonekani tena.

Sitaki kumfanya Dunn malaika. Udakaji wake ulikuwa dhaifu, na huo ulimpunguzia thamani kweli. Mwaka 2011, akiwa Chicago White Sox, homurani zilishuka mpaka 11, straiki zikabaki 177, na akapiga kwa wastani wa .159, yaani kama mapigo 16 ya kufika besi katika kila mara 100, ukiacha besi za bure. Hapo shemeji yuko sahihi: nguvu ikiondoka, mchezaji wa aina hii habaki na kitu cha kushika. Ana haki pia kulalamikia mchezo kwa ujumla. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, straiki za kutoa watu zilizidi mapigo ya kufika besi, na mtazamaji anayekesha Kirumba anastahili kuona mpira ukitembea. Ila hilo ni suala la utamu wa mchezo. Thamani ya mchezaji kwa timu yake inapimwa kwa pointi, na kinara wa kutolewa kwa straiki katika historia yote ni Reggie Jackson, mara 2,597, mwenye homurani 563 na nafasi yake kwenye jumba la heshima tangu 1993.

Juzi nilimsimulia shemeji habari za Aaron Judge alipoingia ligi kuu na Yankees mwaka 2016. Katika mara 84 zilizohesabiwa alizosimama kupiga, ukiacha besi za bure, alitolewa kwa straiki mara 42. Nusu kamili. Shemeji aliacha kufunga gunia akaniangalia.

"Na mwaka uliofuata alikosa mara ngapi?"

"208."

"Homurani?"

"52."